Kupima turbaini ya mkondo wa bahari Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Asubuhi za maji mafu, kabla upepo haujaamka, huonekana mashua ikienda na kurudi polepole kati ya Raskazone na kisiwa cha Toten, na mbele ya omo kumezamishwa chuma chenye mapanga matatu. Ndiyo sisi, na chuma hicho ni turbaini tunayoipima. Maswali yaliyo hapa ni ya wavuvi wa Sahare na Deep Sea, ya wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na ya wazee wa mtaa wanaotaka kujua kama umeme utashuka bei. Majibu tumeyaandika kwa kumfikiria mtu anayetaka kupima mwenyewe, kwa hiyo hesabu zimo. Asiyependa hesabu aruke, ila asiruke swali la kwenda na kurudi.

## Kwani mnazalisha umeme?

Hapana, tunapima. Mtambo ukiletwa dukani huandikwa wati zake kwa herufi kubwa. Sisi tunauliza: wati hizo ni kwa kasi gani ya maji, kasi hiyo ilipimwa na nini, na palikuwa wapi? Muuzaji asipojibu hayo matatu, ile namba ya wati usiitie kwenye hesabu yoyote.

## Ina tofauti gani na umeme wa Hale?

Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68, hutumia maji ya mto yanayoshuka kutoka juu kwenda chini. Bahari nayo yaweza kufanyiwa hivyo: unajenga ukuta mdomoni mwa ghuba, maji yakijaa unayafungia ndani, yakipwa unayaachia yapite kwenye mitambo. La Rance kule Ufaransa imefanya hivyo tangu 1966, megawati 240. Sihwa ya Korea Kusini ilifuata 2011, megawati 254.

Turbaini ya mkondo haina ukuta. Inasimama ndani ya maji yanayokwenda na kuchukua sehemu ya mwendo wake tu. SeaGen, iliyowekwa 2008 kwenye mlango wa Strangford Lough huko Ireland ya Kaskazini, ilikuwa na rota (seti ya mapanga yanayozunguka) mbili, kila moja kipenyo cha mita 16, jumla megawati 1.2. Kwa pwani ya mikoko kama yetu mimi habari ya ukuta sitaki hata kuisikia. Mikoko inaishi kwa maji kuingia na kutoka kwa saa zake, na kamba na samaki wachanga wanaishi kwa mikoko.

## Mkondo una nguvu kiasi gani?

Chukua nusu, zidisha kwa uzito wa maji katika mita moja ya ujazo (maji ya bahari ni kama kilo 1,025), zidisha kwa eneo la duara linalofagiwa na mapanga, kisha zidisha kwa kasi ya maji iliyopandishwa kipeo cha tatu. Hapo ndipo penye siri yote. Kasi inazidishwa yenyewe mara tatu.

Kwa kila mita ya mraba, maji yanayokwenda mita 2 kwa sekunde yana wati 4,100 hivi. Kwa mita 1, wati 512. Kwa nusu mita, wati 64. Kwa mita 0.2, wati 4, ambazo ni taa ndogo moja ya LED, na bado mtambo haujapoteza chochote njiani. Ndiyo maana tukiambiwa "pale kuna mkondo mkali" tunaitikia kwa heshima halafu tunakwenda na kipimo.

## Cp ni nini, na kwa nini mnaitajataja?

Ni sehemu ya ile nguvu iliyomo majini ambayo mapanga yameweza kuichukua. Cp ya 0.35 maana yake asilimia 35. Haiwezi kufika moja, kwa sababu ukiyanyang'anya maji mwendo wake wote yatasimama nyuma ya mapanga, na yanayokuja nyuma yake, yakikosa pa kupita, yatapinda pembeni. Mjerumani Albert Betz alionyesha 1920 kwamba katika maji au hewa iliyo wazi pande zote, ukomo ni 16 kwa 27, yaani asilimia 59.3. Rota nzuri iliyochongwa kwa uangalifu inafika kati ya 0.40 na 0.47. Ya kwetu, iliyochongwa kwa mkono, haifiki huko, wala hatuoni haya.

Cp haisemwi peke yake. Inaandamana na uwiano wa kasi ya ncha: ncha ya panga inakwenda kasi mara ngapi ya maji. Rota ileile ikizungushwa polepole mno huwa na Cp ndogo, ikizungushwa mbio mno pia huwa na Cp ndogo, na katikati pana kilele. Kupima turbaini ni kuchora kilima hicho chote. Wanafunzi wengi hutuletea kilele tu, na kilele bila miteremko yake hakimsaidii mtu anayetaka kuchagua jenereta.

## Mnapimaje hasa?

Badala ya kusubiri maji yaje kwenye turbaini, tunaipeleka turbaini kwenye maji yaliyosimama. Mashua ikienda mita 1.2 kwa sekunde ndani ya maji yaliyotulia, mapanga hayajui kama ni yenyewe yanayokwenda au ni bahari. Njia hii si ya kubahatisha. William Froude alikuwa akivuta mifano ya meli ndani ya tangi refu huko Torquay, Uingereza, tangu 1872, na matangi ya aina hiyo bado yanatumika kupima turbaini hadi leo. Sisi tangi letu ni ghuba la Tanga, na halitozi kodi.

Rota iko mbele ya omo, si nyuma wala ubavuni, kwa sababu maji yaliyokwisha kusumbuliwa na mkuku au rafadha yamevurugika. Kitovu chake tunakizamisha angalau kipenyo kimoja chini ya uso wa maji ili mapanga yasivute hewa. Mnyororo wa baiskeli unapeleka mzunguko mpaka kwenye ngoma ndogo iliyo juu, na ngoma imezungushiwa kamba yenye mizani ya springi kila mwisho. Ukikaza kamba unaongeza mzigo. Tofauti ya mizani mbili ndiyo nguvu inayoshika ngoma, na nguvu hiyo ikizidishwa kwa nusu kipenyo cha ngoma inakupa torki, yaani nguvu ya kuzungusha. Torki mara kasi ya mzunguko ni wati.

Hesabu ya mfano. Rota kipenyo mita 0.6, kwa hiyo eneo ni mita za mraba 0.283. Kasi mita 1.2 kwa sekunde. Nguvu iliyomo majini: wati 250. Ngoma ina nusu kipenyo cha sentimita 10, tofauti ya mizani ni kilo 5, mzunguko ni mara 153 kwa dakika. Kwanza tunaongeza kilo 0.6 ya msuguano wa mnyororo na beringi (nitaeleza inavyopatikana), inakuwa kilo 5.6, sawa na niutoni 55, na torki niutonimita 5.5. Mara 153 kwa dakika ni rediani 16 kwa sekunde. Kwa hiyo wati 88, na Cp ni 88 kwa 250, yaani 0.35, uwiano wa ncha ukiwa 4.

Ule msuguano unaupata kwa kuvua mapanga na kuzungusha mhimili mtupu, ukiwa umezama vilevile, kwa mota ndogo iliyopimwa, kwa mizunguko ileile. Asiyefanya hivyo, katika mfano huu atapata 0.31, na atalaumu mapanga kwa kosa la mnyororo.

Tunaanza na kamba ikiwa imelegea, tunakaza kidogo kidogo. Kila hatua tunangoja mzunguko utulie ndipo tusome. Mizani zinahakikiwa ufukweni kabla ya kutoka: ndoo yenye lita 20 za maji baridi ina kilo 20 za maji pamoja na uzito wa ndoo yenyewe, na hakuna mizani inayoweza kubishana na ndoo.

## Kwa nini mnakwenda na kurudi njia ileile?

Kwa sababu ya GPS. Simu yako inakuambia kasi yako juu ya ardhi. Mapanga yanataka kasi ndani ya maji. Bahari ikiwa imesimama kabisa, namba hizi mbili ni moja, lakini ghuba halisimami kabisa hata katikati ya kupwa na kujaa. Daima pana kijimkondo.

Rudi kwenye mfano ule. Mashua inakwenda mita 1.2 kwa sekunde ndani ya maji, na maji yenyewe yanakuja usoni kwa mita 0.2. GPS itasoma 1.0. Ukiiamini, nguvu iliyomo inakuwa wati 145, na wati zako 88 zinageuka Cp ya 0.61. Hongera, umemshinda Betz! Sasa geuza mashua, weka injini vilevile. Mkondo unakusukuma, GPS inasoma 1.4, nguvu iliyomo inakuwa wati 398, na Cp inaanguka hadi 0.22. Mtambo ni uleule, mzigo ni uleule, na saa haijapita.

Wapo wanaoona hivyo wakachukua wastani wa Cp mbili: 0.61 na 0.22 ni karibu 0.41. Hapana. Wastani unachukuliwa kwenye kasi kwanza, 1.0 na 1.4, unapata 1.2, ndipo ukokotoe Cp: 0.35. Ukikosea mpangilio, kipeo cha tatu kinakuongezea sifa ambazo mtambo hauna, na daima kinakuongezea, hakikupunguzii. Ripoti nyingi zenye namba tamu nazishuku kwa hilo kabla ya kushuku kitu kingine.

Dawa kamili ni kipima mkondo kinachozama pamoja na rota, pembeni kidogo, mbali na maji yanayosukumwa na mapanga. Lakini hata tukiwa nacho bado tunakwenda na kurudi, na tofauti ya safari mbili tunaiandika kwenye daftari pamoja na matokeo. Kosa la asilimia 1 kwenye kasi ni karibu asilimia 3 kwenye Cp. Kosa la asilimia 1 kwenye torki ni asilimia 1 tu. Kwa hiyo fedha ya ziada ikipatikana, iende kwenye kupima kasi.

## Nimepata Cp ya 0.65 na nina hakika na kasi yangu. Nimevunja sheria?

Umepima wapi? Ikiwa ni kwenye mfereji wa umwagiliaji, huenda uko sahihi na bado namba hiyo haikufai. Betz alifikiria maji yasiyo na kuta. Kwenye mfereji maji hayana pa kupinda, yanalazimika kupita kwenye mapanga. Chris Garrett na Patrick Cummins, watafiti wa Kanada, walionyesha 2007 kwamba ukomo unapanda kadiri rota inavyoziba njia: gawa 0.593 kwa kipeo cha pili cha sehemu iliyobaki wazi. Rota yetu ya mita 0.6 ikiwekwa kwenye mfereji wa upana mita 1.4 na kina mita 1 inaziba moja ya tano. Ukomo unakuwa 0.593 kwa 0.64, yaani 0.93.

Kwa hiyo 0.65 yako yawezekana. Lakini ukiupeleka mtambo huohuo ghubani, utakutana na 0.35 na mteja mwenye hasira. Andika upana na kina cha mfereji kwenye ripoti, msomaji arekebishe mwenyewe.

## Kwa nini msiifunge tu kwenye mkondo ikazunguka yenyewe?

Tutaifunga, ila hiyo ni hatua ya pili. Kuvuta kwa mashua kunakupa maji laini. Mkondo wa kweli una misukosuko, una mawimbi ya kusi juu yake, una kasi tofauti juu na chini, na unageuka upande maji yakianza kupwa. Cp ya maji laini inakuambia mapanga yana uwezo gani. Majaribio ya mkondoni yanakuambia utavuna nini.

Utaratibu wa kimataifa unaofuatwa ni waraka wa IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, wa namba 62600-200, uliotoka mara ya kwanza 2013. Kwa ufupi: pima kasi ya maji mbele ya turbaini, umbali wa vipenyo viwili hadi vitano, au pembeni yake, chukua wastani wa dakika 2 hadi 10, panga matokeo kwenye makundi ya kasi yasiyozidi mita 0.1 kwa sekunde kila moja. Na usipime chini ya siku 15.

Siku 15 hazishangazi mtu wa pwani. Ndizo zinazomaliza bamvua moja na maji mafu yake, maana bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mwandamo na karibu na mwezi mpevu. Kasi ya mkondo wakati wa maji mafu ikiwa nusu ya ile ya bamvua, nguvu inakuwa moja ya nane. Mtu akikuonyesha matokeo ya siku tatu, muulize mwezi ulikuwa wa ngapi.

## Wenzetu wa nje wanapimia wapi?

Chuo Kikuu cha Southampton kilitoa 2007 vipimo vya rota ya mita 0.8 vilivyofanywa ndani ya tangi la kuvuta na ndani ya bomba kubwa la maji yanayozunguka. Bado ndivyo ambavyo watu wengi huvitumia kuhakiki programu zao za kompyuta. Boulogne-sur-Mer huko Ufaransa pana mfereji wa maabara wa mita 18 kwa 4, kina mita 2. Edinburgh pana bwawa la duara la FloWave, kipenyo mita 25, lililofunguliwa 2014, linaloweza kutoa mkondo na mawimbi kutoka upande wowote. Na kwenye visiwa vya Orkney kituo cha EMEC kimekuwapo tangu 2003. Hapo turbaini kubwa zinafungwa baharini kwenye mlango wa Fall of Warness na kuunganishwa na gridi.

Jambo moja tumewazidi: maji ya vuguvugu. Maji ya nyuzi 27 ni mepesi kuteleza kuliko ya nyuzi 10, na kwa rota ndogo hilo ni faida, kama swali linalofuata linavyoeleza.

## Rota ya sentimita 60 inaweza kusema nini kuhusu ya mita 6?

Mengi, ikiulizwa vizuri. Ukifuata kanuni ya Froude, mtambo ulio mkubwa mara 10 unalinganishwa kwenye kasi iliyo kubwa mara 3.16, na nguvu inazidishwa mara 3,162. Kwa hiyo wati 88 zetu kwenye mita 1.2 zingekuwa kama kilowati 278 kwenye mita 3.8 kwa sekunde. Mkondo wa mita 3.8 hapa kwetu sijui nani anaufahamu, kwa hiyo tunabeba Cp na uwiano wa ncha, kisha tunakokotoa upya kwa kasi ya mahali penyewe.

Shida ni namba ya Reynolds, ambayo ni uwiano wa nguvu ya mwendo wa maji na kunata kwake. Kwenye panga dogo maji "yananata" zaidi, mnyanyuo unapungua na msuguano unaongezeka, hivyo mfano mdogo kwa kawaida unausingizia mtambo mkubwa unyonge. Kwa panga letu la upana wa sentimita 6, Reynolds ni kama 240,000 kwenye asilimia 70 ya urefu wake. Rota hiyohiyo kwenye maji baridi ya Uskoti ingekuwa na kama 160,000. Hapo ndipo vuguvugu letu linaposaidia. Namna ya kujihakiki ni kurudia jaribio kwa kasi mbili tatu: Cp ikiendelea kupanda kadiri unavyoongeza mwendo, bado uko kwenye eneo la kunata, ikitulia, unaweza kuanza kuiamini.

## Na msukumo je?

Watu huusahau mpaka nanga iburuzwe. Mapanga yanayochukua nguvu yanasukumwa nyuma. Rota yetu ndogo kwenye mita 1.2 inasukumwa kwa karibu kilo 17. Rota ya mita 6 kwenye mita 2 kwa sekunde itasukumwa kwa takriban tani 4.7, na hiyo inataka msingi au nanga ya kweli. Jiwe la ngalawa halitashika. Pima msukumo siku hiyohiyo unayopima torki.

## Mbona hamfungi balbu tu mkasoma wati?

Balbu inapima mapanga, mnyororo, jenereta, waya na kidhibiti cha chaji, vyote pamoja. Ukipata kidogo hutajua nani amekula. Wanafunzi hupenda alterneta ya gari kwa sababu inapatikana kila gereji, lakini inataka mizunguko zaidi ya 1,000 kwa dakika na rota yetu inatoa 153. Ukiweka gia za kupandisha, gia nazo zinakula. Pima mapanga kwa kamba na mizani kwanza, halafu ndipo ufunge jenereta na kupima tena. Tofauti ndiyo hasara ya upande wa umeme.

## Mapanga mawili, matatu au zaidi?

Matatu kwa utulivu wa mzunguko. Mengi zaidi yanaanza kuzunguka mapema kwenye mkondo dhaifu lakini kilele cha Cp mara nyingi kinashuka.

## Itafukuza samaki? Itakata nyavu?

Tuanze na nyavu, maana hilo lina uhakika. Nyavu itanasa. Kamba ya nailoni ikijizungusha kwenye mhimili inamaliza sili, ule mpira wa kuzuia maji, kwa muda mfupi. Kwa hiyo hatuachi kitu majini bila mtu, na siku itakapofungwa ya kudumu, mahali pachaguliwe na manahodha wenyewe kupitia BMU zao (vikundi vya wavuvi vya kusimamia fukwe), pasiwe kwenye njia ya jarife, na boya lenye taa liwepo.

Kuhusu viumbe, SeaGen ilifuatiliwa kwa miaka mitatu kwa ajili ya wanyama wa baharini, sili na pomboo, na ripoti ya mwisho ya 2011 haikuona madhara makubwa. Hiyo ni bahari yao na wanyama wao. Huku tuna kasa, pomboo, na nguva wachache, na sehemu kubwa ya pwani kati ya Pangani na Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa 2009. Silikanti mwenyewe, samaki wa kale, anakaa kilindini, chini sana ya rota yetu, kwa hiyo yeye hatukutani naye. Kasa tunakutana naye, na tukimwona tunapandisha rota.

## Kibali napata wapi?

Anza na ofisi ya hifadhi ya bahari na serikali ya mtaa. Chombo na usalama wake ni TASAC, eneo la bandari ni TPA, na mtambo wa kudumu utakupeleka kwenye mamlaka ya mazingira (NEMC) na, ukitaka kuuza umeme, EWURA. Nenda na ramani yenye alama, si maelezo ya mdomo.

## Kitu gani kinaharibu vipimo upesi?

Nyasi bahari. Jani moja likining'inia kwenye ukingo wa panga, Cp inashuka na wewe unadhani ni mzigo. Tunapandisha rota na kuitazama kila baada ya safari kadhaa. Mtambo ukikaa majini wiki kadhaa, viumbe vinavyoganda kwenye mikuku ya vyombo vinaganda na kwenye mapanga, na panga lenye ukurutu si panga ulilopima. Kutu nayo: mhimili wa chuma kisichoshika kutu ukigusana na alumini ndani ya maji ya chumvi, alumini inaliwa. Funga kipande cha zinki.

## Tanga itawaka umeme wa bahari lini?

Sioni ikiwaka kwa gridi, na sitamdanganya mtu. Fanya hesabu hii kwa ghuba la kubuni: eneo kilomita za mraba 10, maji yanapanda mita 3, mdomo una upana wa kilomita 1 na kina mita 10. Maji ya ujazo wa milioni 30 yanapita kwenye mdomo huo kwa saa 6 na dakika 12 hivi. Kasi ya wastani ni mita 0.13 kwa sekunde, na kilele chake kama 0.21. Ni zile wati 4 kwa mita ya mraba. Turbaini za biashara zinatafuta vilele vya zaidi ya mita 2.

Mambo hubadilika pale maji mengi yanapobanwa kwenye njia nyembamba: milango ya vihori vya mikoko, mapito kati ya kisiwa na mwamba, na mdomo wa mto Pangani ambako kivuko cha Bweni huvuka. Huko Pangani, maji ya mto hujumlika na ya kupwa, kwa hiyo mkondo wa kutoka una nguvu kuliko wa kuingia, na maji si ya chumvi kamili. Uzito wake hushuka kuelekea kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Sehemu kama hizo zaweza kulisha taa ya boya, kipima joto la maji, au betri ya kambi ya wavuvi. Kwa nyumba za Chumbageni, jua liko juu ya paa tayari na ni rahisi zaidi.

## Basi kwa nini mnajisumbua?

Kwa sababu mtambo utakuja na muuzaji atakuja nao, na mtu wa kumuuliza kasi lazima awepo.

## Sina mashua wala mizani. Nianzie wapi?

Anza na machungwa. Muheza yanakotoka ni karibu, na bei yake ni rahisi. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, hivyo upepo haulishiki kama unavyoshika chupa tupu. Chagua mlango wa kihori, simika vijiti viwili ukingoni, mita 20 kutoka kimoja hadi kingine sambamba na mkondo, tupa chungwa katikati ya maji, juu kidogo ya kijiti cha kwanza, na upime sekunde. Likitumia sekunde 40, maji ya juu yanakwenda nusu mita kwa sekunde. Ya chini ni mazito wa mwendo, kwa hiyo zidisha kwa 0.85 kupata wastani wa kina chote: 0.43. Rudi kwenye kipeo cha tatu, na wati 64 kwa mita ya mraba zimeshuka hadi 41.

Rudia kila nusu saa kuanzia maji yanapoanza kupwa hadi yanaposimama, siku ya bamvua na siku ya maji mafu. Andika saa, upepo wa siku hiyo, na urefu wa maji kutoka jedwali la bandari. Muda uanze kuhesabiwa chungwa linapopita kijiti cha kwanza, si linapotoka mkononi.